Kompyuta ya Tabora Isije Mpanda

Kalista mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Uko chumba cha pili unafunga mizigo, na tangu Jumapili hunisemeshi zaidi ya shikamoo na chakula tayari. Nasikia selotepu ikivutwa. Ukuta huu kati ya studio na nyumba niliujenga mwenyewe kwa pupa, nao hauzuii kitu. Kwa jinsi unavyovuta na kukata, najua umefika kwenye kompyuta yetu kuukuu. Unaizungushia blanketi la mama yako ili kesho isigongwegongwe kwenye basi.

Nataka uiache. Nianze na hilo kabla mkono haujapoa. Kompyuta kuukuu ibaki hapa Kashaulili, na hiyo mpya utakayoichagua Tabora usinitumie. Ukishainunua, panda nayo basi la kurudi, ushuke nayo Inyonga, uiweke kwenye chumba ulichokodi ufungue studio yako. Najua tulikubaliana kinyume chake. Wewe mwenyewe ulisema mpya ije kwangu kwa sababu picha za hapa zinaharibika na wateja wanahama, na kwamba wewe utabanana na kuukuu hivyo hivyo. Mama yako alikusifu. Mimi nilikaa kimya nikaendelea kula ugali, na kule kukaa kimya ndiko kunakoniandikisha sasa hivi.

Sababu nitakuambia humu humu. Ila niache nianzie mbali kidogo, maana nikianza na sababu yenyewe nitaichana hii karatasi, nichukue nyingine nikuandikie habari za kula vizuri na kufunga mlango. Hayo mama yako ameshakuambia, na kesho stendi atayarudia mpaka kondakta amwombe ashuke basi liondoke.

Kompyuta ya kwanza ya studio hii niliichagua kama mtu anayechagua redio. Wewe huikumbuki. Ilikuwa na kasha kubwa jeusi lenye taa za bluu ubavuni, na dukani niliuliza swali moja tu, kama inawaka. Ikawashwa, ikawaka, nikaibeba. Nilipoiweka mezani hapa, majirani walikuja kuiangalia, na mimi nikavaa shati la mikono mirefu. Halafu nikafungua picha za harusi ya kwanza. Bibi harusi alijitokeza nusu ya uso, akakwama hapo. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, nikamkuta bado nusu. Ndani ya lile kasha hamkuwa na kitu cha maana, RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, kiduchu na diski iliyokuwa inalia muda wote. Wateja walidhani kule kusubiri ndio utaalamu wenyewe, nami sikuwakatalia.

Kila asubuhi niliifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo, ikang'aa. Sikujua kwamba kompyuta inafunguliwa. Siku ilipozima kabisa na fundi akatoa ubavu wake, vumbi lote la kiangazi cha Mpanda lilikuwa limelala humo, nene kiasi kwamba alilitoa kwa mkono. Alinitazama, akauliza, "Mzee, hii ulikuwa unafugia nini?" Nilicheka naye, lakini iliniuma.

Kwa hiyo kesho kutwa, ukisimama dukani na kijana wa duka akakuwashia taa za rangi rangi, mwache azifurahie mwenyewe. Mwambie afungue kasha uone ndani. RAM iwe GB kumi na sita, na chini ya hapo usikubali hata akikuapia kwa mama yake. Diski ya kufanyia kazi iwe SSD, ile ya kasi isiyolia, na nyingine kubwa ya kutunzia. UPS ya kushikilia umeme ukikatika usiiache ukijiambia utainunua mwezi ujao, kwa sababu umeme hautausubiri mwezi ujao. Haya mengi ni wewe uliyenifundisha, nakurudishia tu ili ujue niliyasikia. Siku zile unanieleza nilikuwa najifanya nimesinzia.

Lakini kioo cha monita, Kalista. Kioo ndicho kilichoniumiza, na hilo sijawahi kukuambia vizuri.

Ulikuwa darasa la pili au la tatu. Nilipata wazo ambalo niliona hakuna mwenye studio mjini hapa aliyewahi kulipata. Badala ya monita ndogo iliyokuwa inanitazama mimi, nilinunua televisheni, nikaiunganisha na kompyuta, nikaiweka mezani ikiutazama mlango. Mtu akipita barabarani anaona sura za watu kubwa kubwa zinang'arishwa, anasimama, anaingia. Waliingia kweli. Mimi nikawa naediti nikiwa nimesimama upande wa wateja, sote tunatazama pamoja, na kila mmoja anatoa amri yake. Ng'arisha hapo kidogo, ondoa hicho kipele, ongeza tena.

Unajua mchana mwanga wa barabarani unavyoingia hapa. Ulikuwa unapiga moja kwa moja kwenye kile kioo, na picha ikawa inaonekana imefifia. Mimi nikadhani ni picha yenyewe, nikawa naongeza mwanga. Watu wakatoka humu weupe kuliko walivyoingia, wakafurahi, wakaleta ndugu zao. Nikajiona fundi.

Ndipo wakaja vijana wa upande wa Mpimbwe. Baba yao alikuwa amefariki usiku, na walitaka picha kubwa ya kutangulia mbele ya jeneza. Walikuja na kipicha kimoja tu, cha kitambulisho, kimekwanguka pembeni. Mzee alikuwa mweusi hasa, mkulima wa mpunga aliyekaa juani maisha yake yote. Nilikikuza nikakisafisha mikwaruzo, na mpaka hapo nilikuwa nimefanya kazi nzuri. Kijana mkubwa akasema, "Mng'arishe kidogo mzee, apendeze." Nikamng'arisha. Mdogo wake akasema bado, nikaongeza. Kioo kilikuwa kinautazama mlango, jua lilikuwa kali, na kila nilichoongeza kilikuwa kinamezwa. Nikaongeza tena kwa mkono wangu mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Tukaisafisha kwenye karatasi, tukaitia kwenye fremu, wakashukuru, wakaniomba niende nao nikapige picha za mazishi.

Tulifika wakati mwili unatolewa ndani. Mjukuu mkubwa alishika picha kifuani, akasimama mbele ya jeneza kama inavyotakiwa. Mjane akatoka ameshikwa huku na huku. Akainua macho akaiona ile picha. Aliitazama sana mpaka kwaya ikanyamaza yenyewe. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu mmemtoa wapi?"

Kijana mkubwa akasema, "Mama, ni baba." Yule bibi akatikisa kichwa. Akatoa khanga aliyojitanda mabegani, akamfuata mjukuu wake, akaifunika ile fremu yote. Akasema, "Mume wangu nyie mnaye humo ndani. Huyu mgeni msinitangulizie."

Tukaenda makaburini hivyo, picha imefunikwa khanga. Mimi nilikuwa na kamera shingoni na nilitakiwa kupiga. Nilipiga, maana kuacha kungeonekana zaidi. Katika picha zote za mazishi yale kuna mtoto amebeba khanga mbele ya jeneza, na kila aliyeziona baadaye aliuliza ni desturi ya wapi.

Nilirudi mjini nikaitoa televisheni. Niliigeuza meza, mgongo wa kioo ukautazama mlango. Mama yako akanishonea lile pazia jeusi unalolichukia, lile unalosema linaifanya studio ifanane na chumba cha mganga. Nikaanza upya na sura ya yule mzee, peke yangu, hakuna wa kuniamrisha. Nilikuwa nasafisha picha ndogo, natoka nayo juani, nairudisha, narekebisha. Nilipopata nilichokitaka nikaipeleka mwenyewe mpaka kwao. Yule bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akaingia nayo ndani. Hakusema asante, na sikuwa na haki ya kuisubiri. Lakini nilipokuwa nawasha pikipiki nilimsikia ndani anamsalimia.

Tangu siku hiyo nilijua kazi yangu ni nini. Mtu akikuletea sura, amekuletea ya mtu fulani, na huyo mtu ana watu wanaomjua alivyokuwa akitoka shamba. Huko Inyonga wakishauza tumbaku watakuja na harusi, na watakuja na misiba vile vile. Watakuambia ng'arisha. Ng'arisha kidogo kama ni harusi, sikatai, hata mimi mama yako alinipaka poda siku ya ndoa yetu. Lakini uwe unajua ulipoanzia na unaweza kurudi. Kujua huko kunataka kioo kisichokudanganya.

Na kunataka jicho. Hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika. Nimesimama mara mbili kwenda kunywa maji.

Unakumbuka yule mama wa kwaya aliyerudisha picha za kipaimara cha binti yake. Aliziweka hapa mezani akasema, "Mzee, mwanangu kawa wa bluu. Hebu tazama, kama katolewa mtoni." Nilizitazama. Kalista, mimi niliona gauni jeupe safi. Sikuona bluu yoyote. Nilianza kumjibu kwamba ni taa za kanisani, ndipo wewe ukaja nyuma yangu, ukazichukua, ukasema, "Ni kweli mama, pole, tutazirudia. Baba, hii monita imekwisha, kila kitu kimeenda bluu."

Nikasema ndiyo, imekwisha. Neno lilitoka lenyewe, na lilivyotoka nikajisikia nimeokolewa.

Ulizirudia wewe jioni ile, kwenye monita hiyo hiyo iliyokwisha. Asubuhi nilizikuta zimewekwa kwenye bahasha. Nikazitoa, nikaziona za manjano, magauni yote rangi ya uji. Nikakuambia umeharibu. Ulinitazama, ukaenda kufagia. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti nizirekebishe yule mama alipoingia, akazichukua mkononi mwangu, akatabasamu. "Safari hii mmepatia." Akaondoka. Mimi nikabaki na mkono mtupu.

Siku chache baadaye mama yako alikuwa ameanika mashuka uani. Nilitoka, nikasimama mbele ya shuka jeupe, nikafumba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia lile shuka lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikafumba la kulia. Kwa la kushoto lilikuwa bora zaidi, lakini si jeupe. Nikarudia, hili, lile, hili. Mama yako alikuwa mlangoni na beseni. Akasema, "Baba Kalista, unalikonyeza shuka langu?" Nilitaka kucheka nikashindwa. Akaweka beseni chini, akaja karibu, akanishika kidevu kama mtoto, akaniangalia machoni. Akasema, "Kuna ukungu humu. Tangu lini?"

Sikujua tangu lini. Ndilo linalonitisha kuliko yote, kwamba sijui ni harusi ngapi zimepita mikononi mwangu hivyo, nikiona manjano yasiyokuwepo na kuyafukuza kwa kuongeza bluu.

Kesho yake niliwaaga naenda kutafuta karatasi za picha, nikaenda hospitali. Daktari ni kijana mpole. Akaniambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limetangulia. Akasema linatolewa, watu wanafanyiwa kila siku, wanarudi nyumbani. Nikamuuliza nikiliacha je. Akasema litaendelea. Nikamshukuru, nikatoka, nikanunua karatasi za picha kweli ili nisije mikono mitupu, na sikurudi tena. Naogopa kisu kwenye jicho, Kalista. Nimewapiga picha maiti, nimeingia msituni na warina asali nyuki wakanivaa shingoni, lakini kwa hilo naogopa. Naogopa pia kwamba wakilitoa nitaona vizuri yote niliyoyaharibu.

Kwa hiyo monita haijafa. Ni ya zamani, lakini rangi zake ni nzima, na wewe umeshaona kwa kazi yako mwenyewe. Diski ndiyo inakaribia kufa, ile milio ya asubuhi si ya kupuuza. Ungekwenda nayo Inyonga ingekuangusha na harusi ya mtu ndani, mwanzo wa jina lako, mahali ambapo hakuna anayekujua. Nami hapa ningekaa mbele ya kioo kipya kabisa nikitoa watu wa bluu. Nilikuwa tayari kuyaacha yatokee yote mawili ili tu nisiseme neno moja mbele yako. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuna pamoja na ule ugali.

Sasa nije Jumapili. Tulikuwa na mteja, yule kijana wa picha za pasipoti. Ukasema, "Baba, twende wote Tabora. Mimi najua mambo ya ndani ya mashine, ila wewe ndiye mwenye jicho la rangi. Nitakosea kioo." Ulisema kwa heshima, ukitabasamu. Nami nikakuwakia mbele ya mgeni kwamba mimi si mzigo wa kupelekwa dukani, na kwamba kama hujui kuchagua kioo usijiite mpiga picha. Ulilikunja lile shuka la bluu la nyuma ya kiti, ukalikunja vizuri kona kwa kona, ukaingia ndani. Kijana alilipa akaondoka bila hata kuziangalia picha zake.

Nilimsema mtu mwingine, mwanangu. Aliyekuwa hajui tena kuchagua kioo alikuwa amesimama upande huu wa kaunta. Hukustahili neno hata moja kati ya yale. Naomba unisamehe, na sitaki unijibu kwa karatasi wala kwa mdomo, maana nitalia na mama yako atatusikia sote.

Amekuwa ananiambia kila siku kwamba nisiposema mimi atasema yeye. Leo alipokuwa anakuchemshia karanga za njiani alikuja hapa mlangoni na mwiko mkononi, akasema, "Mtoto anaondoka kesho. Utamwacha aende na uongo wako kwenye blanketi langu?" Hakungoja jibu. Ndipo nikafunga studio mapema, nikatafuta kalamu.

Nilivyoamua ni hivi. Pasipoti na vitambulisho nitaendelea kupiga, hizo printa inajipangia rangi yenyewe na sihitaji kuigusa. Harusi na kipaimara nitapiga, mkono wangu bado unajua saa ya kubonyeza. Lakini kuediti siediti tena. Nitaziweka kwenye flash disk, nitazikabidhi kwa basi la asubuhi, utazipokea Inyonga, utazirekebisha kwenye kioo chako na kuzirudisha. Wateja nitawaambia kazi inafanywa na binti yangu. Wakiuliza kwa nini, nitawaambia macho. Nimejaribu kulisema neno hilo peke yangu hapa studio kwa sauti, linasemeka. Na hospitali mama yako amesema ataongozana nami wiki ijayo, amenishika mkono aliponiambia na hakuuachia mpaka nikaitika.

Humu kwenye bahasha kuna flash na kuna picha moja ya karatasi, iliyomo pia kwenye hiyo flash. Hiyo picha unaijua, ilikuwa nyuma ya mlango wa kabati tangu uko mdogo. Ni wewe siku ya ubatizo wako, umebebwa na mama yako nje ya nyumba ya bibi kule Sibwesa, asubuhi, migomba nyuma yenu. Niliisafisha baada ya mambo ya yule bibi wa Mpimbwe, na kila nilipotaka kujua kama kioo kinasema kweli, niliifungua kwenye kompyuta na karatasi nikaishika pembeni yake. Ndiyo siri yote ya lile jicho la rangi ulilokuwa unanisifia. Mna weusi wa mama yako, mna kijani cha migomba, mna weupe wa gauni lako. Kioo kikikosea kimojawapo, utakiona.

Ukifika dukani usichague chenye kung'aa kuliko vyote. Chagua kisichorudisha sura yako kama kioo cha kujitazamia. Kitazame kwa mbele, kisha sogea pembeni, kisha chuchumaa. Mama yako akibadilika rangi ukisogea, hicho kirudishe. Mwambie kijana apunguze mwanga wake, dukani huwa wanauweka juu kabisa. Usikubali kukitazamia mlangoni wala chini ya zile taa zao. Chomeka flash, fungua hiyo picha, na hii ya karatasi ishike kando. Atasema unamchelewesha. Chelewa.

Mimi gauni hilo sasa naliona la manjano. Nimeitoa picha hapa mezani nikaigeuza kwenye taa huku na huku, gauni ni la manjano, na kila mara nikilitazama nimekuwa nikijiambia ni karatasi imezeeka. Mama yako nimemwita, nimemwonyesha. Amesema ni jeupe kama siku ile ile.

Nitaisukuma hii bahasha chini ya mlango wako sasa hivi kabla sijabadili nia. Asubuhi ukitoka, tukisalimiana inatosha. Nikiikuta kompyuta kuukuu mezani pangu, imetolewa kwenye blanketi, nitajua umesoma. Nitalibeba sanduku lako mpaka stendi na hatutazungumza habari za macho mbele ya watu.

Lakini ukiwa Tabora, umekaa mbele ya kile unachotaka kununua, picha iko kwenye kioo na karatasi iko mkononi mwako, nipigie simu. Usinisomee bei, wala usinitajie jina la kampuni, wala ukubwa wa RAM. Niambie tu gauni lako lina rangi gani. Utakayoitaja ndiyo hiyo, nami sitaibishia.

Ni mimi baba yako, niliye upande huu wa ukuta.